Mabonde ya Jumatano na Jumapili

Ti, ti. Kulabu ya mizani iligonga msumari wa boriti mara mbili, kisha ikatulia. Ilikuwa sauti ndogo, kama ya kijiko ndani ya kikombe cha bati, lakini Akeyo aliisikia hata usingizini. Kabla sijamaliza kufunga leso kwenye kulabu ya chini, alikuwa ameshaketi kitandani gizani, akimvua mtoto nguo.

Mtoto aliitwa Adhis. Alizaliwa wiki nyingi kabla ya siku zake, akalazwa wodini wiki tano ndani ya kisanduku cha vioo. Siku tuliyoruhusiwa kumleta nyumbani kwetu Kianda, alikuwa na uzito wa kilo mbili na kijistari kimoja. Kwenye mizani hiyo, kila kijistari ni gramu mia moja. Nilijifunza kuvisoma kama nilivyojifunza kusoma Biblia, polepole, kwa kidole.

Mimi ni mama wa baba yake. Mwanangu Mukhwana ni fundi wa mawe, na mwaka huo wa 1995 alikuwa akijenga Kitengela, anarudi mwisho wa mwezi. Chumbani tulibaki watatu: mimi, Akeyo mkewe, na Adhis.

Mizani haikuwa yetu. Tuliazimwa na Sista Immaculate, muuguzi wa kliniki ndogo ya kanisa kule Kawangware, kwenye mtaa unaoitwa Kongo. Alijua hatuwezi kumtembeza mtoto mdogo hivyo kila siku kutoka Kianda hadi kwake. Kabla ya kutukabidhi, aliizungushia kulabu ya chini bandeji safi ili chuma kisimguse mtoto kichwani. Hakuna aliyemwomba afanye hivyo. Akatukabidhi na daftari, akasema tumpime kila alfajiri kabla hajanyonya, bila nguo, na tuandike.

Akeyo alikuwa na jambo moja. Mtoto akishawekwa ndani ya leso, alifumba macho mpaka nimalize kusoma. Kule wodini walikuwa wakimpima kila asubuhi na kumwambia, amepungua, amepungua tena. Tangu hapo hakutaka kuuona mkono wa mizani. Alisema, "Nisomee tu, Mathe." Mathe ni mama, ndivyo walivyoniita vijana. Nami nilimsomea.

Jumatano na Jumapili hatukuwa peke yetu. Jirani yetu Amolo, mlango wa tatu katika ploti yetu ya vyumba vya kupanga, alipita kwetu akielekea maombi ya asubuhi. Kioo cha taa yetu kilikuwa kimepasuka, hivyo alikuja na taa yake akanimulikia mpaka niandike. Mwaka mzima Mukhwana alipokosa kazi, mwanamke huyo alikuwa akitupakulia mboga bila kuulizwa. Kasoro yake ni sauti tu. Amolo akiongea nawe mlangoni, ploti nzima inajua mnaongea nini.

"Mama Mukhwana," alikuwa akisema, "leo nyathi, mtoto wetu, amefika ngapi? Sema tusikie tumshukuru Mungu."

Hapo ndipo nilipokosea, na ni lazima nieleze jinsi nilivyolelewa. Mama yangu alizaa watoto tisa na akabaki na sita. Alitufundisha kwamba mtoto aliyeponea chupuchupu hatangazwi. Ukiulizwa kama ananyonya, sema kidogo tu. Ukiulizwa kama amenenepa, sema bado. Si kwamba anayeuliza ana moyo mbaya. Ila maneno yakishatoka nje hujui yatapita kwa nani, na lipo jicho ambalo hata mwenyewe hajui analo.

Kwa hiyo Amolo alipouliza, nilipunguza vijistari viwili. Mkono ukionyesha mbili na vitano, nilisema mbili na vitatu. Na kwa kuwa taa yake ilikuwa juu ya daftari na yeye anajua kusoma, niliandika nilichosema. Kisha nikamkonyeza Akeyo. Nilidhani ananielewa. Kwao pia, pande za ziwani, watoto hufichwa. Nikaona mambo yamekwisha, maana siku tano zilizobaki niliandika kweli tupu.

Wiki ya nne Akeyo alienda kliniki peke yake, mimi nikiwa na miguu imevimba. Alirudi akamlaza mtoto. Aliniambia tu kwamba Sista hajaridhika, anasema Adhis hapandi vizuri, turudi na daftari Ijumaa ya wiki ya sita. Usiku nilimsikia akigeuka geuka. Nikazidisha maombi. Vijistari vyangu viwili havikunijia akilini hata kidogo.

Ijumaa hiyo tulitoka mapema. Amolo alikataa tutembee peke yetu, akabeba mwavuli na chupa ya chai, akatangulia mbele kama askari. Tulitokea Ngong Road, tukapanda kwa miguu hadi Kawangware. Kila tuliposimama kupumzika alimfunika mtoto jua kwa mwavuli, naye mwenyewe jua likimchoma.

Sista Immaculate alitupokea vizuri, lakini juu ya meza yake niliona karatasi ya barua. Ilikuwa na mstari mmoja umeshaandikwa, na jina la Adhis ndani yake. Akeyo naye aliiona. Akamkumbatia mtoto kwa mikono yote miwili.

Sista hakutuficha. Alisema daftari linaonyesha mtoto anapanda siku mbili tatu, halafu anaanguka ghafla, halafu anapanda tena. Mtoto mdogo hivi akipoteza gramu mia mbili usiku mmoja, huenda maji yanatoka mwilini. Inabidi arudi wodini waangalie sababu, labda wiki mbili, labda zaidi.

"Kabla sijamaliza kuandika," akasema, "nataka kumwona kwenye picha. Namba arobaini na mbili zikikaa kwenye foleni zinanichanganya macho. Audrey atatuchorea."

Audrey ni mdogo wake Akeyo. Anaishi hapo hapo Kongo, na kliniki ilikuwa imemwajiri kuingiza kadi za wagonjwa kwenye kompyuta. Alikuja akasalimia kwa lugha yao ya vijana, "Niaje, Mathe, uko poa?" Nikasema niko poa, akacheka, akanipa kiti chake mwenyewe akabaki amesimama.

Kompyuta ilikuwa imefunikwa kitambaa cha kushonwa kwa mkono, kama sahani ya chapati. Alipoifunua nilitarajia picha. Hapakuwa na picha. Kioo kilikuwa cheusi tii, na alama moja ndogo ikikonyeza pembeni. Audrey alieleza kwamba programu hiyo ilikuja kwa disketi kutoka kwa daktari mmoja aliyepita, na haina vitufe vya kuchagua. Unaiandikia amri, mstari mmoja mmoja, nayo inatii. Usipoiambia, inakaa tu.

"Ni kama mzee wangu wa nyumbani," Amolo akasema, na hata Sista akatabasamu.

Nilimsomea Audrey namba kutoka kwenye daftari, siku na uzito, naye akazipanga kwenye safu mbili. Kisha akaandika neno moja la Kiingereza, plot, yaani chora, akataja safu zile, akabonyeza. Kioo kikajaa nukta. Sikuamini. Alfajiri zangu arobaini na mbili zilikuwa zimesimama pale, kila moja mahali pake.

Lakini mstari wa kwanza ulikuwa umelala kama barabara ya lami. Audrey akasema ni kwa sababu ameipa nafasi kuanzia sifuri hadi kilo kumi, na Adhis ni mdogo, anapotea humo ndani. Akaandika amri nyingine, ianze kilo mbili na iishie nne. Nikauliza kama huko si kudanganya, kumfanya mtoto aonekane anapanda sana. Nakumbuka niliuliza hivyo kwa ukali, mimi.

"Si kudanganya, Mathe. Namba zimeandikwa pembeni hapa, kila mtu aone nimeanzia wapi. Ni kama kusogeza taa."

Akabonyeza, na mstari ukasimama. Kweli ulikuwa unapanda. Lakini ulikuwa na meno kama msumeno. Unapanda, unatumbukia, unapanda, unatumbukia. Sista akainama karibu. Alimwomba Audrey atie alama tofauti kwenye mashimo yale, ajue ni siku gani. Audrey akahesabu siku kwa vidole, akaandika mstari mrefu, na Jumatano zote na Jumapili zote zikageuka misalaba. Kumi na miwili. Kila msalaba ulikuwa chini ya bonde, isipokuwa mmoja uliokaa juu na nukta nyingine, na hakuna aliyeujali wakati huo.

Akeyo akaketi sakafuni. Alikuwa anafua nguo za watu kule Woodley, Jumanne na Jumamosi.

"Ni mimi," akasema. "Nikishinda kwenye maji baridi, kesho yake maziwa yanaharibika. Nilijua. Kila nikisikia Mathe akisoma namba ya Jumatano, nilijua ni mimi. Sista, nitaacha kufua. Usimrudishe wodini, nitaacha leo."

Sista akamwambia taratibu kwamba maji baridi hayaharibu maziwa. Lakini nilimwona akivuta ile barua karibu na kuchukua kalamu.

Nilikuwa naangalia yale mabonde. Mtu aliyeshona nguo miaka thelathini, kama mimi, anajua kipimo akikiona, na mabonde yale yalikuwa na kina kimoja, vijistari viwili, viwili, viwili.  Amolo alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu, mkono wake juu ya bega langu. Kama nitasema, itabidi niseme mbele yake kwamba nilimficha mtoto machoni pake, yeye aliyetumulikia taa. Mwanamke anaweza kukosana na jirani kwa dogo kuliko hilo, wakazikana hawaongei. Nikinyamaza, kalamu inaandika.

Nikasema, "Sista, weka kalamu. Hayo mabonde ni yangu."

Niliwaeleza yote. Habari ya mama yangu, watoto tisa, sita. Namba ninayoona na namba ninayosema. Sikumtazama Amolo. Nilipotamka jina lake, mkono uliokuwa begani kwangu ukaondoka.

 Kisha Akeyo akauliza kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo hakuwa anapungua?"

"Hakupungua hata siku moja, mama. Nilidhani unajua. Kila mara nilikukonyeza."

"Mathe, nilikuwa nimefumba macho."

Audrey akageuka ukutani, mabega yakimtikisika. Lakini Sista hakucheka. Alisema ananiamini, ila kazi yake haimruhusu kumwacha mtoto nyumbani kwa sababu bibi yake amesema. Bibi wengi wamesema mambo mengi ili mtoto asilazwe. Nilimheshimu kwa hilo. Akamwuliza Audrey kama kuna njia ya kujaribu maneno yangu bila kufuta daftari.

Audrey akasema ipo. Namba hazitaguswa, zitabaki zilivyoandikwa. Ataiambia tu ichore Jumatano na Jumapili kana kwamba zina gramu mia mbili zaidi. Kama nasema kweli, misalaba itapanda ikae na wenzake. Kama ni ugonjwa, itatawanyika, mwingine juu, mwingine chini, maana ugonjwa haupimi kwa vijistari. Akaandika. Akakosea, kompyuta ikamjibu kwa mstari wa malalamiko. Akaandika tena.

Misalaba ikapanda. Mmoja, wa pili, wa tatu, ikaingia kwenye mstari kama shanga kwenye uzi. Kumi na mmoja. Wa kumi na mbili uliruka juu peke yake, ukaning'inia hewani, ukiwa umezidi wengine kwa vijistari viwili. Ulikuwa wa Jumatano ya wiki ya tatu.

"Na huu?" Sista akauliza.

Sikujua. Nilijaribu kukumbuka Jumatano hiyo, na alfajiri zote zikawa moja kichwani mwangu. Sista akanitazama, nikaona anasubiri kwa huruma, nami nikarudi kupekua kurasa za daftari. Hapo, ukweli wangu ulikuwa na tundu moja.

Amolo akakohoa nyuma yangu.

"Jumatano hiyo sikuwepo," akasema. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, alisema polepole. "Nilikuwa mtaa wa Lindi kwa binti yangu. Mwanawe Oluoch alikuwa na surua, nililala huko tangu Jumatatu mpaka Ijumaa. Muulizeni yeyote Lindi. Mama Mukhwana hakuwa na wa kumficha, akaandika uzito wote."

Sista akamtazama, akautazama msalaba. Audrey akauondolea huo mmoja gramu zake mia mbili, na ukashuka ukakaa na wenzake. Mstari mzima ukawa safi, ukipanda kutoka kona ya chini hadi kona ya juu, kama ngazi iliyoegemezwa ukutani.

 Kisha Amolo akaja mbele akainama mpaka pua ikakaribia kioo.

"Kwa hiyo macho yangu haya," akasema, "yana gramu mia mbili."

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akaishika meza, na Akeyo pale sakafuni akaangua kicheko kilichochanganyika na kilio, na mimi nikajikuta nacheka huku nafuta machozi kwa ncha ya kitambaa changu. Mtoto akaamka akatushangaa. Nilimshika Amolo mkono nikamwomba msamaha. Aliniambia niache. Kwao, alisema, mama yake alimfundisha kinyume. Neema isiposhukuriwa kwa sauti, Mungu anadhani haijafika. Ndiyo sababu alikuwa akipaza sauti pale mlangoni, alikuwa akimlinda Adhis kwa njia yake.

"Mimi nashukuru kwa nguvu, wewe unanong'ona uongo," akasema. "Huyu mtoto kalindwa pande zote mbili. Lakini ungeniambia, Mama Mukhwana. Ningeshika taa nikageuza uso."

Sista Immaculate akainuka, akamchukua Adhis akampima kwenye mizani ya kliniki, ile ya sahani. Aliniita nisome mimi. Amolo alikuwa pale pale, karibu kabisa.  Maneno ya mama yangu yalinijia yote, nikayaacha yapite.

"Kilo tatu na vijistari vinne," nikasema, na nikasema kwa sauti.

"Asante Mungu," Amolo akajibu, na nadhani walimsikia hadi sokoni.

Namba hiyo hiyo ilikuwa kwenye daftari, ya alfajiri ile. Sista akarudi mezani akaichukua barua. Niliogopa kidogo. Aliigeuza upande wa nyuma, akaandika tarehe ya chanjo, akampa Akeyo. Aliniambia daftari niendelee nalo, lakini kuanzia sasa niandike ninachoona, na kama lazima nimdanganye mtu, nimdanganye kwa mdomo tu. Nikaahidi. Akamwambia Akeyo aendelee na kazi yake na avae soksi.

Audrey alitaka tuondoke na picha. Aliuliza tunataka iweje. Nikashangaa kwamba mtu anaweza kuchagua. Akeyo akataka mstari uwe mnene, uonekane kwa mbali, Mukhwana auone akiwa mlangoni. Amolo akataka misalaba ibaki, ile ya mwanzo, chini kwenye mabonde yake, ndipo mstari mzuri upite juu yake. Alisema ni misalaba yake, haifutwi. Mimi niliomba jina la mtoto liandikwe juu. Kila ombi lilikuwa mstari mmoja wa maneno, Audrey akiandika huku akinitamkia nifuate. Mashine ya kuchapa ikaanza kelele zake, krii, krii, ikipita na kurudi, na karatasi ikatoka taratibu yenye matundu pembeni, ADHIS juu kabisa.

Tulikunywa chai ya Amolo, Sista naye akanywa, kutoka kwenye kifuniko cha chupa kwa kuwa vikombe havikutosha. Nje watu wengine walikuwa wakingoja kwenye benchi, kwa hiyo hatukukaa. Akeyo alimfunga mtoto mgongoni. Niliona amefungua macho kabisa, akisoma ile karatasi tena na tena, kidole kikifuata mstari kwenda juu.

Sista alitusindikiza hadi langoni, jambo ambalo sidhani hufanya kila siku. Alisema mtoto ametoka kwenye orodha ya kuangaliwa kila wiki mbili. Mizani tukae nayo mpaka chanjo. Baada ya hapo, hatuna sababu tena ya kutembea njia yote hiyo.

Tulimshukuru, tukaanza kuondoka. Akatuita.

"Lakini mje," akasema. "Hapa watu hunijia na shida tu, zikiisha siwaoni tena. Mje siku moja mkiwa hamna shida yoyote, na huyu mwenye sauti aje. Mtakuja?"